Ng'ambo ya Korongo

Janeen Tveit alikuwa anasugua masufuria ya jikoni pa shule simu ilipoita. Alijifuta mikono kwenye aproni akaitazama, akaona jina la Bi Opal Zeller, akashangaa. Bi Opal si mtu wa kupiga simu mchana. Mchana ana ng'ombe wake.

"Janeen, una bunduki kwenye gari?"

"Ipo, Bi Opal. Kuna nini?"

"Njoo nayo. Kuna kitu chenu hapa kwenye majani ya ng'ombe wangu. Ningemaliza mwenyewe, ila mikono siku hizi inanitetemeka, na sitaki kumuumiza mara ya pili."

Janeen alivua aproni. Alimwambia mpishi mwenzake kwamba anatoka kidogo, naye mwenzake, Darlene, akasema kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, "Usije ukawa nyota wa video na wewe." Wasichana wawili waliokuwa wanapanga sahani wakacheka. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Mkwewe Tanner, mume wa binti yake, alikuwa ameweka mtandaoni video ya kulungu dume aliyempiga kutoka umbali wa karibu yadi mia tisa, na watu wasiojua hata Montana iko upande gani walikuwa wameitazama, nusu wakimwita fundi, nusu wakimwita muuaji. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa amemtoa mwanawe kwenye darasa la uwindaji ambalo Arlen, mume wa Janeen, huwafundisha watoto wa mji kila masika. Alimtoa bila hata kumwambia Arlen. Waliliona jina limefutwa tu ubaoni.

Barabara ya kwenda kwa Bi Opal ilikuwa na theluji iliyokanyagwa ikawa kioo, na Janeen aliendesha kwa kasi ambayo angemgombeza mtu mwingine.

Bi Opal alikuwa amesimama kando ya marobota ya majani makavu, koti la marehemu mumewe limemfika magotini. Hakusalimia. Alionyesha kwa kidevu. Kulungu dume alikuwa amejibanza kwenye kona ya marobota, pembe zake kubwa na nzuri, na chini ya pembe hizo hapakuwa na uso wa kutazamika. Taya la chini lilikuwa limevunjwa na risasi, linaning'inia kwa ngozi. Ulimi ulikuwa umevimba na kuwa mweusi. Alikuwa na majani mbele yake hadi kifuani na hawezi kula hata jani moja. Hakukimbia walipomkaribia, alitaka tu kusimama na miguu ikakataa.

Janeen alimpiga kwa karibu, mara moja. Kisha akatoa mfukoni kadi yake ya kibali, ya kulungu mmoja tu kwa mwaka, akakata alama ya tarehe, akaifunga kwenye pembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyama yake ya majira haya ya baridi, na mnyama alikuwa mifupa mitupu, wala hapakuwa na kipande cha kutia sufuriani. Fundo likamshinda, mpaka Bi Opal akamshikia uzi.

"Waliopewa ruhusa upande ule wiki iliyopita ni ninyi tu," Bi Opal alisema. "Nilisikia milio miwili. Mjukuu wangu ameniletea ile video, nikakijua kilima changu, na ndani yake kuna mlio mmoja."

"Bi Opal..."

"Ngoja nimalize. Mkweo alikuja kugonga mlango jioni ile, kama inavyotakiwa. Akasema, tumekosa mmoja, tumepata mmoja. Nikamuuliza, yule mliyemkosa, mlivuka korongo kuangalia? Akanitazama machoni akasema ndiyo."

Kila mtu wa mji anajua masharti ya Bi Opal. Ardhi yake inaanzia barabarani mpaka mtoni, na kuna matajiri wa mbali waliokwisha kumwomba wakodi uwindaji wote wawafungie wengine nje. Amekataa. Wenyeji huwinda kwake bure. Hataki pesa, hataki chupa ya wiski ya Krismasi. Anataka mlango ugongwe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na mtu aseme alichokifanya. Na ukifyatua risasi, hata ukiwa na hakika umekosa, unakwenda mpaka mnyama alipokuwa amesimama, unainama, unatafuta damu. Hilo hata watoto wa darasa la Arlen wanaliimba.

"Arlen alikuwepo," Janeen alisema, na papo hapo akatamani asingelisema.

"Najua. Nilimwona kwenye gari, akanipungia mkono. Arlen asingeacha kuvuka. Nadhani ni lile goti lake, akamtuma kijana, kijana akaenda nusu njia akarudi na uongo." Bi Opal alimsukuma kulungu kidogo kwa ncha ya buti, kwa upole. "Kesho ni karamu ya shukrani. Aliyefyatua asimame aseme, mbele ya watu. Akisema, yameisha. Asiposema, Jumatatu nafunga lango, na nitawaambia watu wote sababu. Nimechoka kusoma maneno ya watu juu ya kilima changu."

"Nitamwambia."

"Mwambie, lakini usimsemee. Ukisimama wewe nitajifanya sijasikia."

* * *

Tanner na mkewe Marit waliishi kwenye nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya nyumba kubwa ya Janeen na Arlen, lakini walikula pamoja na wazee, kwa sababu jiko la kule lilikuwa na tabia ya kujizima. Janeen aliwasimulia wote watatu kabla hata ya kuvua koti. Aliwaeleza taya lilivyokuwa. Aliwaeleza ulimi. Marit alisukuma sahani yake.

"Sikumpiga," Tanner alisema. "Nilikosa. Labda ni mtu mwingine, upande wa mtoni."

"Upande wa mtoni hakuna mtu aliyepewa ruhusa."

"Basi ni bahati mbaya, mama. Upepo ulibadilika. Mimi napiga shabaha kila wiki, kiangazi chote, mvua na jua, nina vipimo vya upepo, nina kila kitu. Hao wanaonisema huko baa wanatoa bunduki kabatini siku moja kwa mwaka, wanafyatulia kulungu anayekimbia kwenye vichaka, halafu mimi ndiye nisiye na maadili?"

Katika hilo hakuwa amekosea, na Janeen alijua. Babake mwenyewe alikuwa mtu wa aina hiyo, Mungu amrehemu.

"Risasi yako inachukua zaidi ya sekunde kufika," alisema. "Katika hiyo sekunde mnyama anaweza kuinua kichwa. Wewe na vipimo vyako, una kipimo cha hilo?"

Tanner alimtazama Arlen. Arlen alikuwa upande wa pili wa meza, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu ambaye nusu ya wawindaji wa wilaya walijifunzia kwake namna ya kushika bunduki. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wawindaji. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate wa mahindi, akaipaka mpaka pembeni kabisa, kama kazi ya kulipwa.

"Kampuni ya darubini inanipigia Jumatatu," Tanner alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Walisema wakipenda video tatu watanipa mkataba. Hii ndiyo ya tatu. Nikisimama pale niseme nimevunja taya la mnyama nikamwacha, nani ataninunulia hata kofia?"

"Kwa hiyo lango la mji mzima lifungwe kwa ajili ya kofia," Marit alisema.

"Usinichokoze, Marit."

"Sikuchokozi. Nauliza. Ulivuka, hukuvuka?"

Tanner alimtazama tena Arlen, na safari hii Janeen aliyaona macho hayo. Hayakuwa macho ya mtu mwenye kiburi. Yalikuwa macho ya mtu anayesubiri kusaidiwa mzigo.

"Hatukuvuka," alisema.

"Na kwa nini ulimdanganya Bi Opal?"

"Ningemwambia nini, mama?"

Arlen aliweka kisu chini. "Kijana atafanya linalofaa," alisema. "Mwacheni ale."

Kijana hakula. Aliondoka, na Marit akamfuata, na kutoka dirishani Janeen aliwaona wamesimama kwenye theluji katikati ya nyumba hizo mbili, wanazungumza, wala hawaingii kokote.

* * *

Asubuhi yake Janeen hakuweza kukaa. Alitengeneza unga wa pai mara mbili, wa kwanza ukamshinda akautupa. Alifagia baraza lililokwisha kufagiwa. Akaenda banda la magari kutafuta mabakuli makubwa ya karamu akamkuta Arlen anafuta bunduki ambayo haikuwa na uchafu.

"Utaitoboa," alimwambia.

"Nafuta kutu."

"Hiyo bunduki haijawahi kuona kutu tangu uliponioa." Alianza kushusha mabakuli kutoka rafu ya juu, akayashusha kwa kishindo, moja baada ya jingine, halafu akaacha. "Jana amekutazama mara mbili, Arlen. Kuna nini?"

Arlen aliendelea kufuta. Kisha akaacha, akalikunja tambara alilofutia, akalikunja tena.

"Nilikuwa kwenye darubini kubwa," alisema. "Yeye akifyatua, bunduki inaruka, haoni kitu. Anayeona ni mimi. Nilimwona yule dume akitikisa kichwa, namna anavyotikisa akiumwa na nzi. Tena mwezi wa Novemba. Nzi gani wa Novemba?"

Janeen aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Akaniuliza, vipi? Nikasema, umekosa, imepita juu. Akasema, tuvuke, baba, tukaangalie. Alisema, Janeen. Alishaanza kukunja mkeka aliolalia. Mimi nikatazama lile korongo, theluji mpaka kiunoni kule chini, na goti hili, na jua linashuka. Na wakati huohuo yule wa pili akasimama pale juu, mkubwa kuliko wa kwanza, amegeuka ubavu. Nikamwambia, hakuna haja. Mpige huyo."

"Ulikuwa umeona."

"Nilikuwa nimeona nusu. Nikajiambia sikuona." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Na nilitaka aipate hiyo video. Watoto wa mji wananijua mimi kama mzee wa kuwakataza. Nikaona, mara moja tu, wanione nimekaa pembeni ya kitu wanachokipenda. Mzee wa miaka hii yangu. Umewahi kusikia upuuzi kama huo?"

Janeen hakumwambia ni upuuzi. Alikuwa amemwona wiki ile akiitazama video kwenye simu, peke yake, kipande kile ambacho Tanner anasema, "Na huyu ni baba mkwe wangu, yeye ndiye macho yangu," na Arlen anainua kidole gumba, amekunja uso asionekane anafurahi.

"Utasema leo?"

"Opal amesema aliyefyatua."

"Opal amesema hivyo kwa sababu anakuamini."

"Fikiria basi." Sauti yake ya taratibu ilikuwa imepanda. "Yeye ni kijana. Vijana hukosea, watamsamehe kabla ya pai. Mimi nikisimama pale, darasa limekwisha. Wale wanaosema sisi ni wauaji watasema, haya, hata yule mwalimu wao. Si kwa ajili yangu tu. Ni kwa ajili ya wote."

Alisema vizuri, Arlen. Siku zote alikuwa anasema vizuri. Janeen alibeba mabakuli akarudi jikoni, na huko akaikasirikia nafsi yake kwa kuwa muda wote aliomsikiliza alikuwa ametaka kukubaliana naye.

* * *

Karamu ya shukrani ilifanyika kwenye ukumbi wa zimamoto, magari ya kuzimia moto yakiwa yametolewa nje ili meza ziingie. Kila mwaka wawindaji hupika walichokipata, na wenye ardhi hukaa meza ya mbele wakahudumiwa. Kulikuwa na soseji za kulungu, mchuzi mzito wa nyama na maharage, viazi, kabichi ya kuchachusha ya akina Zeller, na pai za kila aina. Watu walikula sana na kuzungumza kidogo kuliko kawaida, kwani habari zilikuwa zimekwisha kuvuja, habari za mji mdogo hazina kifuniko. Bi Opal alikaa katikati ya meza ya mbele na nywele zimechanwa vizuri, hamtazami mtu.

Meza yao ilikuwa upande wa ukuta. Tanner hakugusa chakula. Marit alikuwa ameshika mkono wake chini ya meza. Arlen alikuwa anakula. Janeen alimtazama akikata soseji vipande vidogo sawasawa, anatafuna, anakata tena, na kila mara mtu alipopita akamgusa bega alisema, "Karibu, karibu, kuna nyingi."

Kabla ya kahawa, Tanner alisimama. Hakwenda mbele. Alisimama palepale, kofia mkononi.

"Nina neno," alisema, na ukumbi ukanyamaza upesi mno, ikajulikana kuwa wote walikuwa wanangoja. "Wiki iliyopita kwa Bi Opal nilipiga risasi mbili. Mnaijua moja. Ile nyingine nilidhani nimekosa. Nilimvunja taya. Sikuvuka kuangalia. Mama mkwe wangu ndiye aliyemmalizia jana, kwa kibali chake yeye, na nyama haikufaa hata kwa mbwa."

Kuna mtu alisema, "Duh," kwa nyuma.

"Halafu Bi Opal aliniuliza kama nilivuka, nikasema ndiyo. Nilimdanganya mlangoni kwake." Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. "Ilikuwa mbali mno. Mimi ninaweza kupiga bati la shabaha mbali hivyo, bati halina taya. Video nimeifuta leo mchana. Wa kulaumiwa ni mimi. Mimi peke yangu."

Akaketi. Marit alimtazama babake. Yeye hakuwa ameambiwa kitu, lakini lile "peke yangu" lilikuwa limesemwa kwa nguvu kupita kiasi, na Marit hakuwa mjinga.

Arlen alikuwa anatazama sahani.

Bi Opal alisimama, akijishikilia meza. "Nimesikia," alisema. "Tanner, ulinikasirisha, na bado sijapoa. Lakini umesema, na kusema ndiyo sharti langu. Lango liko wazi. Mwakani utagonga kama wengine, na utakaribia mpaka umwone mnyama jicho." Watu wakapumua. Wengine wakaanza kupiga makofi, si ya sherehe, yale ya kutua mzigo, na mzee mmoja wa meza ya jirani akanyoosha mkono akamtikisa Tanner bega. Darlene wa jikoni pa shule alikuwa anajifuta macho kwa karatasi ya mezani.

"Na jambo moja," Bi Opal aliendelea. "Kijana wa siku hizi kusimama hivi hakutoki hewani. Kuna mtu amemlea. Arlen, wewe umetufundishia watoto wetu miaka yote hii kwamba risasi ukishaifyatua ni yako mpaka mwisho. Kuna watu wanatoa watoto wao kwenye darasa lako. Nataka wasikie kutoka kwangu. Mimi wajukuu wangu nitawaleta kwako masika haya, wote wanne. Ahsante, Arlen."

Makofi ya safari hii yalikuwa makubwa. Watu waligeuza viti wamtazame. Yule mwalimu mgeni, aliyekaa karibu na mlango kama mtu asiye na hakika kama amealikwa, naye alikuwa anapiga makofi, amekunja shingo kwa aibu. Tanner alikuwa ameinamisha kichwa. Na Arlen akainua mkono kidogo, uma ukiwa bado mkononi, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu, namna anavyofanya kila mwaka akishukuriwa, akasema, "Ahsante, Opal."

Janeen aliweka kijiko mezani. Alikuwa ameapa kimoyomoyo hatasema, kwa kuwa Bi Opal alimkataza kumsemea mtu, na mume ni mume. Alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa linamsumbua tangu asubuhi, kwamba alimpenda na angeweza kukaa palepale akala pai, na maisha yakaendelea, na kila masika angemwandalia chaki na karatasi za watoto, na hakuna mtu ambaye angejua ila watu watatu wa nyumba moja.

Alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu ya saruji, na waliokuwa karibu wakaacha kupiga makofi, kisha waliofuata, mpaka ukumbi wote ukatulia wakidhani anataka kushukuru kwa niaba ya familia.

Bi Opal alimtazama, akakunja uso. "Janeen, nilikwambia usimsemee mtu."

"Simsemei mtu, Bi Opal."

Alisimama tu, mikono imeshika mgongo wa kiti, amemtazama mumewe. Marit alisema kwa sauti ndogo, "Mama, keti." Hakuketi. Mtu alikohoa. Kule jikoni bomba lilikuwa linachuruzika na hakuna aliyekwenda kulifunga. Tanner aliinua kichwa akasema upesi, "Mama, nimeshasema yote, yameisha," naye Janeen akamwekea mkono begani, bila kuyaondoa macho yake kwa Arlen.

Arlen alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kwanza alimtazama kwa hasira, kisha kama anayemwomba kitu, na alichomwomba hakukipata. Akaweka uma kando ya sahani. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na lile goti bovu likalia alipokuwa anainuka.

"Opal," alisema. "Wajukuu wako usiwalete bado. Kaa, kwanza nikwambie nilichokiona."